Tupeane uzoefu: siasa za mji wa Lewiston zilikugusa lini?

dereva_wa_wazee:
Habarini ndugu zangu wa Lewiston, hapa jimbo la Maine, Marekani, na nyie wa Auburn ng'ambo ya mto. Kila kijiwe siku hizi ni Trump, mara Kinshasa, mara Nairobi, ila uliza diwani wa kata yako ni nani uone watu wanavyoinamia simu. Wenye visa vyenu mtupe, nadharia wekeni pembeni. Changu ni cha 2017, uchaguzi wa meya. Nilikuwa sijapata uraia bado kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuwapeleka wazee kupiga kura. Novemba gari ilijaa, na mgombea Ben Chin akaongoza ila hakuvuka nusu ya kura, na hapa usipovuka nusu mnarudia Desemba. Sasa Desemba nagonga milango, theluji hiyo, wazee wananishangaa, "si tulishapiga juzi?" Wengine wakanikaribisha chai tu. Akashinda mpinzani wake Shane Bouchard kwa tofauti ya kura 145. Jamani 145 hata harusi yetu moja haijai!!

Garissa_boy:
Mkuu wewe umeanzia karibu sana, mi nilikuwa mtoto hapa 2002. Kiwanda cha nguo cha Bates kilifunga 2001, vyumba mjini vitupu, Wasomali ndo wakaanza kuja mwaka huohuo. Oktoba 2002 meya Laurier Raymond akaandika barua ya wazi kwa wazee wetu, eti tupunguze kasi ya kuja, mji umeelemewa. Baba aliisoma mezani akatutafsiria, hakuna aliyekula. Halafu Januari 2003 wabaguzi kutoka nje wakaja kufanya mkutano wao, walikuwa kama thelathini, na siku hiyohiyo pale chuo cha Bates College wakakusanyika kama watu 4,000 kuwa upande wetu, baridi ya kufa mtu. Basi mimi ukiniambia watu wa hapa wote wabaya nakukatalia, na ukiniambia wote wazuri nakukatalia vilevile.

mama_wa_Bukavu:
Mimi ilinigusa kupitia damu ya mtoto. Tunaishi mtaa wa Tree Streets, nyumba za mbao za wafanyakazi wa viwandani wa zamani, rangi ya madirisha inabanduka. Kliniki wakampima wakakuta madini ya risasi, ile sumu ya kwenye rangi za zamani. Mwenye nyumba (simtaji) akasema niwe nafuta vumbi. Nikaenda kikao cha madiwani na mkalimani, nikapewa dakika zangu nikasema, miguu inatetemeka kabisa. 2021 serikali kuu ikatoa dola milioni 30 za kujenga upya mtaa huu, na mjue hela hizo mji ndo uliziomba, haziji zenyewe.

Na niwape hii. Jirani yangu ni bibi wa miaka themanini na kitu, wazazi wake walitoka Quebec kufuata kazi za nguo, wakati wake Maine ilikuwa na sheria tangu 1919 masomo ya shule za serikali yawe kwa Kiingereza tu, anasema ukiongea Kifaransa unaadhibiwa. Sasa mimi na yeye ni Kifaransa mwanzo mwisho, ananicheka lafudhi namcheka yake. Ananiletea supu, ananisomea barua za shule, na kura yake anampa Trump wala hanifichi. Mwenye kuelewa hapo anieleweshe.

Garissa_boy:
Mama hiyo haina maelezo 😂 ndo Lewiston hiyo. 2019 Safiya Khalid anagombea udiwani, ana miaka 23, alitukanwa mtandaoni na watu ambao hata Maine hawajakanyaga, lakini wapiga kura wa kata yake wakampa kiti. Waliotukana hawakuwa na kura, waliokuwa na kura wengi hawakutukana.

raia_mpya:
Naomba kuuliza, nimeapa uraia majuzi. Kwa meya napanga wagombea 1, 2, 3 au natiki mmoja?

dereva_wa_wazee:
Hongera sana! Kupanga namba ni kwa Congress, yaani bunge la Marekani, ndo mgombea Golden alimpita mwenzake Poliquin 2018 zilipohesabiwa chaguo za pili. Meya unatiki mmoja, asipopatikana wa zaidi ya nusu unarudi Desemba.

mama_wa_Bukavu:
Na kama umehama nyumba usiogope, Maine unajiandikisha siku ileile ya kura. Beba kitambulisho na karatasi yenye anwani mpya, hata bili ya umeme.