Ramani ya ukutani imeipaka Lesotho kijani cha nyanda za chini, nani aliikagua hii kitu??

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mnivumilie.

Nimemnunulia dogo ramani kubwa ya Afrika ya kubandika ukutani, ile inayoonyesha milima na mabonde na mito, sio ya mipaka ya nchi. Karatasi nzuri, inang'aa, muuzaji kanisifia weee. Nimeifungua nyumbani macho yakaenda moja kwa moja kule kusini, Lesotho ni KIJANI. Nikaangalia ufunguo pale chini nikidhani labda kijani chao kina maana nyingine, hapana, wameandika wenyewe kijani ni chini ya mita 200. Jamani Lesotho! Nchi pekee duniani ambayo yote iko juu ya mita 1,000, sehemu yake ya chini kabisa ni kama mita 1,400 hivi, halafu hapohapo kuna mlima Thabana Ntlenyana mita 3,482. Wao wameishusha kuwa pwani.

Nikaanza kuelewa walichofanya. Aliyechora kachukua kijani akadhani ni majani na misitu! Ndo maana nyanda za juu za Ethiopia nazo kijani, kwasababu kuna mvua, halafu Danakil, lile bonde la jangwa kaskazini mashariki mwa Ethiopia, ambayo iko zaidi ya mita 100 CHINI ya usawa wa bahari kaipaka kahawia ya milimani kwasababu ni kukavu. Yaani ramani imegeuzwa juu chini. Mtoto akisoma hapo atakwambia maji yanapanda mlima.

Na Sahara yote rangi moja ya mchanga kama wamemwaga rangi wakaondoka. Mchanga wenyewe ni sehemu ndogo tu ya Sahara, kubwa ni mawe na changarawe, na katikati kuna milima ya Tibesti yenye kilele cha Emi Koussi kinachopita mita 3,400, volkano kabisa. Haipo. Milima ya Ahaggar nayo haipo.

Ila lililonimaliza ni Ziwa Victoria. Wamechora Bonde la Ufa likapita KATIKATI ya ziwa. Hili kosa nalisikia hata kwa watu wazima sasa naona limepigwa chapa. Bonde lina mikono miwili, wa mashariki na wa magharibi, Victoria limekaa kwenye uwanda ulio katikati yao, halipo ndani ya ufa wowote. Ardhi ya upande wa magharibi iliinuka, mito iliyokuwa inaelekea huko ikazibwa, maji yakatanda kama kwenye sahani. Ndo maana ni kubwa kuliko ziwa lolote Afrika ila kina chake ni mita 80 na kidogo tu, wakati Tanganyika lililo kwenye ufa wenyewe ni jembamba refu na linashuka mpaka mita 1,470. Ukiangalia tu vina viwili hivyo unajua haya maziwa hayana asili moja.

Milima ya Ruwenzori wameiwekea alama ya volkano, ile ni pande la mwamba lililosukumwa juu. Nyiragongo, volkano ya kweli kule Kongo iliyotiririsha uji wa moto mpaka mji wa Goma 2002 na tena 2021, hiyo haina alama 😡

Na mto Kongo wamechora meli pale mdomoni na mshale mpaka Kinshasa, kana kwamba meli ya bahari inapita. Inaishia bandari ya Matadi! Bara hili sehemu kubwa ni uwanda ulioinuka, mito ikikaribia pwani inaanguka, kati ya Kinshasa na Matadi ni maporomoko matupu, ndo maana walijenga reli ikakamilika 1898.

Nimempigia muuzaji, kanijibu "boss hiyo si ni ramani tu, nchi zote zipo". Nchi zote zipo!! Nikamwambia sijanunua orodha ya nchi. Anasema haipokelewi kwasababu plastiki nimeshaichana, sasa ningeonaje makosa bila kuichana?

Mwenye picha ya ramani ya vimo iliyo sahihi aiweke hapa nichape mwenyewe. Kwa sasa dogo yuko sebuleni na maka peni, Lesotho tayari kahawia, anahamia Ethiopia.