Fereti wawili kwenye fleti ya kupanga: kizimba, chumba kimoja au nyumba nzima?

Mpangaji_Reading

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya watu waliofuga fereti kweli (wale wanyama wadogo wembamba wa jamii ya kicheche), hasa mlioko kwenye nyumba za kupanga.

Kituo cha kuokoa wanyama kimekubali nichukue wawili, dume na jike, wote wameshafungwa kizazi. Fleti yangu ya hapa Reading, England, iko ghorofa ya pili: chumba kimoja cha kulala, bafu, na sebule iliyoungana na jiko bila mlango katikati. Mwenye nyumba ameridhia kwa maandishi ila ana masharti: hakuna kutoboa ukuta, hakuna gundi inayobandua rangi, na kapeti aikute kama alivyoiacha.

Njia ninazoziona ni tatu. Ninunue kizimba kikubwa, niwatoe asubuhi na jioni nikiwepo. Au chumba cha kulala kiwe chao, nami nilale humohumo. Au nizibe nyumba nzima wazunguke watakavyo. Natoka saa mbili asubuhi, narudi saa kumi na mbili jioni. Mngekuwa nyinyi mngechagua ipi?

MzeeWaColumbus

Karibu sana, ndugu. Kwa ratiba hiyo chukua kizimba, wala usisite. Watu hukionea huruma kizimba kwa sababu wanamfikiria mbwa. Fereti hulala saa 14 mpaka 18 kwa siku, na huchangamka zaidi alfajiri na magharibi, saa ambazo wewe upo nyumbani. Ukiwa kazini wao wamejikunja kwenye hamoki, kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inia. Wakipata jumla ya saa nne za kutoka kila siku, wanaishi vizuri.

Ila kizimba kichaguliwe kwa nafasi iliyopo kati ya nondo, si kwa urefu tu. Kuna aina mbili za vizimba, Ferret Nation na Critter Nation. Zinafanana umbo, lakini ya kwanza nondo zimeachana kama sentimita 2.5, ya pili kama 1.25. Dume aliyekomaa hapenyi kwenye ile ya kwanza. Jike mwembamba anaweza. Chukua ya pili. Sakafu yake nayo isiwe ya waya mtupu, inaumiza nyayo.

Na siku ya kuhama unafungua vipande, unapakia garini, ukuta wa watu hukuugusa.

BintiPemba

Shikamoo mzee. Kuhusu mchana nakuunga mkono. Swali langu ni hizo saa nne: watakuwa wapi? Ajali hutokea saa hizo, mtu anakaanga samaki akidhani wanyama wako chini ya meza, kumbe mmoja yuko nyuma ya jokofu.

Kwa hiyo ndugu wa Reading, kizimba nunua, lakini kiweke ndani ya chumba kimoja kilichozibwa vizuri. Kiwe chumba cha kulala, kwa sababu sebule yako ina jiko ndani yake.

Tundu ambalo kichwa cha fereti kinapita, mwili mzima unapita. Kila uwazi wa sentimita 2.5 au zaidi uhesabu kuwa ni mlango. Shika tochi, piga magoti, zunguka chumba kizima ukiwa chini hivyohivyo. Utaona pengo bomba la radieta linapoingia sakafuni, uwazi nyuma ya kabati la nguo, na nafasi chini ya mlango wenyewe.

Kitanda ndiyo kazi kubwa. Fleti nyingi za kupanga huku zina vile vitanda vya boksi vilivyovikwa kitambaa, na kwa chini kuna kitambaa chepesi tu kilichopigwa pini. Fereti hujilaza chali uvunguni, anashika kile kitambaa kwa kucha za mbele na kujivuta nacho, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Anapokuta pindo limelegea anachana, anaingia kwenye springi, na humo analala. Wewe unakuja kuketi hujui kama yumo. Mwombe mwenye nyumba akiondoe, ununue chako cha chaga kilicho wazi kwa chini, ambacho ukiinama unaona mpaka ukutani.

Mlangoni usitegemee geti la watoto peke yake, watapita katikati ya vyuma vyake. Chukua geti la kubana fremu, lisilohitaji skrubu, kisha lifunge kwa mbele bamba la akriliki (plastiki ngumu) lenye kimo cha sentimita 90 kwa tai za plastiki. Akriliki inateleza, kucha hazishiki. Bamba liguse sakafu kabisa.

MzeeWaColumbus

Marahaba mwanangu. Hilo la kitanda nakubali, sikulitaja na lilistahili kutajwa.

Nesi_Minneapolis

Nafanya kazi kliniki ya wanyama wadogo. Matundu mmeyaeleza vizuri, nami nataka kusema kuhusu mpira, kwa sababu ndio unaowafikisha kwetu.

Fereti, hasa wachanga, hupenda kutafuna na kumeza kitu laini chenye kuvutika: vitufe vya rimoti, vizibo vya spika za masikioni, ndala, vifutio, sponji ya kochi, kile kizuizi cha mpira kinachowekwa nyuma ya mlango. Kipande kidogo tu kinatosha kuziba utumbo. Chakula chake hupita tumboni ndani ya saa tatu hadi nne, kwa hiyo aliyekataa kula tangu asubuhi tayari ana tatizo. Ukiona anasaga meno, anajikwaruza mdomo, anatapika, amelegea, kinyesi kimekuwa kidogo na chembamba, usingoje kesho. Mara nyingi ni upasuaji, na anayewahi ndiye anayepona.

Kwa sababu hiyohiyo, matundu yasizibwe kwa povu la kupuliza wala silikoni. Wanavitafuna. Tumia wavu wa chuma wenye vijitundu vya sentimita 1.25, ukunje na kuusokomeza kuzunguka bomba mpaka ukae wenyewe. Haubandui rangi, na siku ya kuhama unauvuta tu.

Dawa za maumivu, ibuprofeni na parasetamoli, zikae kwenye droo inayofungwa, si kwenye mkoba ulioachwa sakafuni. Chingamu yenye zailitoli, kile kitamu cha badala ya sukari, vilevile. Na ukishikwa na influenza vaa barakoa ukiwahudumia, maana fereti huambukizwa na binadamu.

Chanjo ya distempa ya mbwa (ugonjwa wa virusi) usiiruke hata kama hawatoki nje. Ugonjwa huo ukimpata fereti ni nadra sana apone.

Mti_wa_Birmingham

Mimi nimewaachia nyumba nzima na sijutii, kwa hiyo niseme upande wa pili. Fereti anayezunguka huru anakuwa na misuli, hachoshwi, na anachagua mwenyewe kona ya choo. Nimeweka trei karibu kila kona, zenye punje za karatasi. Mchanga wa paka unaoganda sitaki, unawaingia puani na mdomoni.

Lakini jiko langu lina mlango, na umefungwa saa zote. Bila mlango ule ningefuata ushauri wa BintiPemba bila mjadala. Makabati ya jikoni huku yana ule ubao wa chini unaokaa kwa klipu. Fereti akiusukuma kwa pua unalegea, na nyuma yake kuna matundu ya mabomba yanayoingia kwenye uwazi wa ukuta, mengine mpaka kwa jirani. Nyuma ya jokofu kuna feni na kompresa yenye joto wanalolipenda. Mashine ya kufulia nayo wanaingia wakifuata nguo chafu, kwa hiyo kila mara kabla ya kuwasha pitisha mkono ndani ya pipa. Kuyaziba yote haya bila skrubu hata moja, sioni utafanyaje.

Kingine, kama sebuleni kuna kochi la kuegemea linalokunjuka, liondoke au lisitumike kabisa. Ile mitambo ya chini inaua fereti wengi. Na madirisha ya ghorofani yafunguliwe juu tu, kamwe si chini.

Sinza_Dar

Wadau, mimi niko Dar, fleti ya vyumba viwili. Na huku wanaweza kuishi?

Nesi_Minneapolis

Kaka, nakushauri usijaribu. Fereti hawezi kujipoza kwa jasho, na joto likivuka nyuzi 27 anaanza kutaabika. Dar kuanzia Desemba hadi Machi mchana hupita 30 pamoja na unyevu. Utategemea kiyoyozi mchana kutwa, na umeme ukikatika ukiwa kazini utakuta wameshakufa. Paka atakufaa zaidi.

Hata wewe wa Reading, wiki za joto kali weka pazia zito na vigae vya kulalia, na chupa za maji yaliyogandishwa, zikiwa zimefungwa taulo.

Wa_Sacramento

Ahsanteni kwa mada. Mimi nilikuwa natafuta wa kununua huku California.

MzeeWaColumbus

Usinunue, mwanangu. California hairuhusiwi kuwafuga nyumbani, Hawaii pia, na jiji la New York vilevile. Wakikukuta nao watawachukua, na watakaoumia ni wanyama.

BintiPemba

Ndugu wa Reading, kuhusu mwenye nyumba pia. Akikuomba dipoziti ya ziada kwa ajili ya wanyama, sheria ya England ya 2019 imeweka kikomo: dipoziti yote isizidi kodi ya wiki tano, kama kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Piga picha za kapeti na kuta kabla hawajaingia, mtumie kwa barua pepe siku hiyohiyo.

Mpangaji_Reading

Nawashukuru sana. Nimeamua: Critter Nation ndani ya chumba cha kulala, geti la akriliki mlangoni, kitanda cha chaga, na jikoni wasikanyage. Swali moja limebaki. Usiku nataka kufunga mlango, na nasikia wakifungiwa huchimba kapeti mbele ya mlango mpaka nyuzi zitoke. Mnafanyaje bila gundi?

Mti_wa_Birmingham

Nunua kipande cha vinaili ya sakafu, ile inayouzwa kwa mita. Upana uzidi mlango kwa sentimita 20 kila upande, na ndani ya chumba kiingie kama mita moja. Kipitishe chini ya mlango, upande wa pili kikandamize kwa kitu kizito, na kwa ndani weka mguu wa kizimba juu yake. Watakwangua vinaili wachoke, kapeti ibaki salama. Pima kwanza uwazi wa chini ya mlango: ukishaweka vinaili usizidi sentimita 1.5, la sivyo jike atajaribu kupita.