Wamama wenye mimba, kipindi cha kufunga mlikipitaje? Tupeane uzoefu

Mama Kijacho, Goma
Jambo wamama. Niko Birere, mimba ya miezi sita. Ramadhani hii nilifunga siku nne. Ya tano mtoto hakucheza toka adhuhuri. Nikangoja magharibi, nikanywa maji, nikalala ubavu, ndipo akapiga teke. Shehe akanikumbusha Al-Baqara 185: mgonjwa na msafiri watalipa siku nyingine, na wanazuoni wanasema mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto naye ana ruhusa. Nitalipa mtoto akiacha ziwa. Ila kula mchana wakati nyumba nzima imefunga! Ninakula maharagi nyuma ya mlango wa jikoni kama mwizi. Ninyi mlifanyaje?

Wa Kadutu, Bukavu
Kwetu ilikuwa maombi kavu, siku tatu bila hata maji. Niliogopa waseme imani yangu ndogo. Siku ya pili nikaanguka kwenye mteremko nikitoka kanisani. Kule sentre ya afya munganga (daktari) alinivuta kope la chini: jeupe. Kumbe damu ilikuwa imepunguka zamani, na mimi kila asubuhi nasukumia vidonge vya feri (madini ya chuma, vya kuongeza damu) kwa chai, kumbe chai inaipunguzia feri nguvu. Sasa navimeza na maji, chai baadaye sana. Nakula sombe (majani ya mihogo), lenga-lenga (mchicha), na sambaza (samaki wadogo) nikizipata. Na pemba, ule udongo wa kula, niliacha, ijapokuwa harufu yake bado inaniita! Mama pasta aliposikia akasema, "Wewe funga kusengenya." Hiyo ndiyo ilinishinda.

Bibi wa Katuba, Lubumbashi
Mimi nilifunga mwezi wote, mimba ya miezi minne, sikuona shida. Lakini nilikuwa nakaa nyumbani, daku yangu mayai na viazi vitamu. Yule anayebeba beseni sokoni juani asijilinganishe na mimi.

Mkatoliki, Lubumbashi
Ijumaa Kuu padri alinikataza kufunga. Niliacha nyama tu, nikala bukari (ugali) na ndagala (dagaa). Basi.

Mzalishaji
Mama Kijacho, mtoto akinyamaza usingoje magharibi. Fungua, nenda sentre siku hiyohiyo. Na mwenye presha, kisukari au mapacha asijaribu kabla ya kuongea na munganga kwenye CPN (kliniki ya wajawazito).

Mama Kijacho, Goma
Nimesikia, dada. Leo nimekula mezani, mume wangu ndiye alileta sahani. Mama mkwe hajanisemesha toka saa saba.