Tupeane uzoefu: kuweka sitaha kwenye boti ndogo ya alumini

Kijana wa Kituku (Goma)
Jambo wote. Nimenunua boti ya alumini ya mita nne na kidogo kutoka kwa shirika lililokuwa linafunga mradi wake. Ndani ni benchi tatu na mbavu tupu. Ukisimama kuvuta wavu usiku huku Ziwa Kivu, mguu unateleza kati ya ubavu na ubavu. Nataka sitaha mbele na sakafu katikati. Mafundi wetu wa pirogi (mitumbwi) ni mabingwa wa mbao, lakini alumini wengi hawajaizoea. Wenye kuifanya, tupeane uzoefu. Mlichoona kwa macho, si cha kusikia.

Papa wa Nguba (Bukavu)
Karibu, kijana. Kabla ya yote, benchi usizing'oe. Watu wanaona ni kiti tu, wanakata ili wapate nafasi. Ile benchi imefungwa kwa riveti (pini za kugongwa zinazoshika bati) huku na huku, ndiyo inayoshikanisha pande mbili za boti wimbi linapopiga. Jirani yangu alikata ya katikati. Akiwasha mota, unaona upande wa boti unaingia na kutoka, na riveti zikaanza kuvuja moja moja.

Halafu chungulia ndani ya benchi, mara nyingi utakuta frigoliti, ile povu nyeupe ngumu inayoelea. Usiitoe hata kipande. Sisi tumezoea pirogi ya mbao: ikijaa maji inaelea, mtu anaishikilia hadi wenzake wafike. Alumini, pamoja na wepesi wake wote, inazama.

Seremala wa Ijwi
Papa amesema kweli. Kwa sakafu mimi natumia tripleksi (plaiwudi) ya mm 12 juu ya fremu ya kornieri za alumini, vile vyuma vya umbo la L. Wateja wanang'ang'ania mm 18 eti nene ndiyo imara. Karatasi nzima ya 18, ile ya cm 122 kwa 244, inapita kilo 30; ya 12 ni kama 20. Songeza kornieri karibu karibu, uone kama 12 itapinda.

Tripleksi inaanza kuoza kwenye kingo na kwenye matundu ya visi (skrubu). Natoboa tundu, napaka epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji) ndani yake, naacha ikauke, ndipo natia visi. Visi ziwe za inoxi (chuma kisichoshika kutu), na chini ya kichwa niweke kipande cha plastiki, kwa sababu maji ya Kivu yamebeba madini mengi na metali mbili tofauti zikigusana humo, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa sababu hiyo hiyo kataa mbao zilizotiwa dawa ya kijani yenye shaba. Utafunua sakafu siku moja ukute unga mweupe na vitundu.

Mwenye Mota
Kwa nini tripleksi wakati boti ni ya alumini? Weka bati la alumini la mm 3, umemaliza. Haliozi.

Seremala wa Ijwi
Haliozi, ni kweli. Lakini piga hesabu, kaka: bati la mm 3 ni kilo 8 kwa mita moja ya mraba, tripleksi ya 12 ni kama 7. Wepesi uko wapi? Na mchana linaunguza miguu, na ukiangusha ndoo ziwa zima linasikia.

Fundi Chuma, Birere
Niongeze la kuchomelea. Usimpe kazi fundi wa milango kwa sababu tu ana mashine. Chuma kinakuonya, kinakuwa chekundu kwanza. Alumini inayeyuka kwenye digrii 660 bila kubadili rangi, unashtukia pameshatoboka. Nimeletewa boti mbili za namna hiyo. Tumia riveti, funga fremu kwenye benchi na kwenye mbavu za juu. Chini, mahali maji yanapofika, asitoboe mtu.

Mama Sambaza (Goma)
Jamani, mimi sivui, mimi ndiye mwenye boti, na harufu inanihusu. Yangu ilikuja na tapi (zulia) juu ya sitaha, kama sebule ya bwana harusi! Magamba yakaingia humo, maji hayatoki, wateja wakawa wanaziba pua. Niliibandua yote. Vijana walipaka rangi ya kijivu, na kabla haijakauka wakanyunyiza mchanga mweusi wa hapa hapa, nimeuchekecha mwenyewe kwa chujio la unga. Hakuna anayeteleza.

Wanaosema alumini si mambo ya Kivu wananichekesha. Sambaza wenyewe, samaki wetu wadogo, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, leo nani anawaita wageni?

Papa wa Nguba (Bukavu)
Mama, aksanti kwa kutuchekesha. Kijana, urefu nao. Sakafu ilale chini kabisa, juu ya mbavu tu. Ya mbele inaweza kupanda hadi usawa wa benchi, isizidi hapo, maana mtu akisimama juu sana boti inayumba kwa kila hatua. Kabla ya kufunga visi zote, ipeleke maji ya kiunoni, simamisha watu wawili upande mmoja, uangalie ukingo umebaki juu kiasi gani.

Na acha mlango mdogo kwenye sakafu nyuma, mkono ufikie kizibo cha tundu la kutolea maji na kopo la kuchotea maji.

Kijana wa Kituku (Goma)
Aksanti sana, wakubwa. Benchi zinabaki. Jumamosi natafuta tripleksi ya 12. Epoksi sijawahi kuishika, inachanganywaje?

Seremala wa Ijwi
Ni vikopo viwili, vipimo vimeandikwa juu. Changanya kidogo kidogo, tena asubuhi. Kwenye jua la saa sita inagandia ndani ya kopo hujafika kona ya pili.