Re: Mifuko sita ya vitambaa, tunataka kushona blanketi za viraka za kugawa, tuanzie wapi?

Habari zenu ndugu,

Samahanini kwa swali refu. Sisi ni akina dada watano tunaokutana Jumamosi, wengi wetu hatuna muda mrefu huku, na baridi ikishaingia kila mtu anajifungia kwake, unamaliza wiki nzima hujaongea na mtu isipokuwa wa kazini. Tukasema tutafute kazi ya mikono ya kufanya pamoja, na iwe na faida kwa mtu mwingine. Tukawaambia majirani tunaomba vitambaa vya kushonea kwilti, zile blanketi za viraka, tukagawe. Jamani sikutegemea. Sa hivi sebuleni kwangu kuna mifuko sita, mashuka, mashati, mapazia, vipande vilivyobaki kwa mafundi, na vingine hata sijui ni kitambaa gani. Cherehani tunayo moja, anayejua kushona ni mmoja tu na yeye ni wa nguo. Tuanzie wapi? Mapazia yanafaa? Kila nikiitazama hiyo mifuko nachoka kabla sijaanza.

* * *

Mdogo wangu, hongereni sana, na wala usichoke.

Mimi kazi hii nimeifanya miaka kumi na kitu sasa, na jambo la kwanza nitakalowaomba ni hili, kabla hamjafungua mfuko wowote ulizeni blanketi inakwenda kwa nani. Msiseme "kwa wenye shida" mkaishia hapo. Mtu gani, analala wapi, anayeifua ni nani na anaifua kwa maji ya namna gani. Sisi tulianzia upande wa pili, tulianza na vitambaa, tukashona blanketi kubwa za kupendeza tukapeleka kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, wakafurahi tukafurahi. Haikupita muda tukapigiwa simu tukachukue mbili. Ya kwanza ilikuwa na vipande vyekundu, kumbe kule kila kitu kinafuliwa kwa maji ya moto sana, ule wekundu ukachuja na sehemu zote nyeupe zikawa na madoa ya waridi. Ya pili ndo iliniuma zaidi. Muuguzi aliikunja upindo akanionyesha, ukingo mzima una alama nyeusi za tairi, bibi aliyepewa anatumia kiti cha magurudumu na blanketi ilikuwa pana mno, ikawa inaburuta na kunasa kwenye gurudumu. Ingeweza kumwangusha yule bibi. Siku ile ndo nilielewa kwamba nilikuwa nashona kwa ajili ya vitambaa vyangu, sikuwa nashona kwa ajili yake.

Kwahiyo kwa mtu wa kiti cha magurudumu tunashona inchi 36 kwa 48, inafunika magoti hadi miguuni na haiburuti pembeni. Kitanda cha mtu mmoja kama inchi 60 kwa 80. Za watoto wachanga naomba mnisikilize vizuri, wataalamu wa watoto wanasema mtoto chini ya miezi 12 asilale na blanketi wala kitu chochote laini kilicholegea kitandani mwake, anaweza kukosa hewa. Ukishona ya mtoto, itakuwa ya kutandika chini achezee akiwa macho na mtu anamwangalia, na mwandikie mzazi hivyo kwenye karatasi ndogo uibandike kwa pini ya usalama. Vifungo, shanga, riboni zinazoning'inia, usiweke kabisa.

Haya, sasa mifuko. Mtu mmoja achambue na wengine wakate lebo na zipu, mtamaliza siku moja. Mnachotafuta ni pamba. Ukishindwa kutambua, kata kipande kidogo kama ukucha, kishike kwa kibano juu ya sinki ukichome. Pamba inawaka kama karatasi, inanukia karatasi, na jivu lake ukiligusa linakuwa unga. Poliesta inajikunja, inayeyuka na inaacha kidonge kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki, usikiguse kikiwa cha moto. Mchanganyiko wa pamba na poliesta ule wa mashuka mengi sio mbaya, unavumilia kufuliwa, ila pasi usiikolezee moto. Tisheti zinavutika, ziwekeni kando mpaka mtakapokuwa na uzoefu. Jinzi ni nzuri sana lakini ishonwe na jinzi mwenzake, ukiichanganya na kitambaa chepesi kile kizito kitakivuta chepesi hadi kichanike. Mapazia uliyouliza, mengi yamepakwa kitu kwa nyuma cha kuzuia mwanga, sindano inanata na blanketi inakuwa ngumu kama turubai. Tumia kushonea mifuko ya kubebea hizo blanketi.

Shuka kuukuu lielekeze dirishani. Ukiona mwanga unapita katikati kuliko pembeni, limekwisha pale katikati, kata pembeni utumie. Kisha livute kwa vidole gumba viwili kwa nguvu, likitoa sauti ya kuchanika usilitumie upande wa juu wa blanketi. Najua inauma kutupa kitu ulichopewa bure, mimi mwanzoni nilikuwa naona ni dhambi, lakini kila kipande dhaifu unachokihurumia leo ndo tundu la kesho kwenye blanketi ya mtu ambaye hana cherehani ya kulizibia.

Alafu fua vyote, hata vinavyoonekana vipya. Hujui nyumba ilikotoka kuna sigara au paka, na mgonjwa wa pumu atajifunika uso kwa hiyo blanketi. Tumia sabuni isiyo na manukato. Pamba pia hurudi, yaani husinyaa, ikifuliwa, bora irudi sasa. Vipande vidogo vitie ndani ya foronya ufunge mdomo, ukivirusha hivihivi kwenye mashine ya kufulia nyuzi zitajifunga mtatumia siku nzima kufumbua. Vile vyekundu, bluu iliyokolea na vitenge vipya, lowesha kona kwenye bakuli jeupe la maji ya moto uache robo saa. Maji yakibadilika rangi, fua tena hadi yawe safi, na kisichoacha kuchuja kiondoe.

Kwa wanaoanza msihangaike na maua na nyota. Shoneni vipande vya mistari. Kata shuka kuukuu lile laini kuwa miraba ya inchi 6 na nusu, huu ndo msingi. Weka utepe mmoja wa kitambaa kutoka kona hadi kona, uso ukiangalia juu. Utepe wa pili uulaze juu ya wa kwanza nyuso zikitazamana, shona ukingoni ukiacha robo inchi, fungua, piga pasi, endelea na mwingine hadi mraba wote ufunikwe, kisha ugeuze ukate yanayozidi kwa kufuata msingi. Utepe wa inchi moja unafaa, wa inchi mbili na nusu unafaa, ulioenda upande pia unafaa, hakuna kinachopotea. Wengine wanatumia karatasi badala ya shuka na wanaichana baadae, ukifanya hivyo punguza hatua ya mshono iwe milimita 1.5 ili karatasi itoboke vizuri, ila mimi napenda shuka, linaongeza joto na hakuna cha kuchana. Mkiunganisha kwa robo inchi kila mraba unabaki inchi 6, kwahiyo hiyo ya 36 kwa 48 inahitaji miraba 48, sita kwa nane. Watu watano mnagawana kumi kumi na zinabaki mbili za akiba.

Na ile robo inchi ndo kila kitu. Bandika utepe wa karatasi ya gundi kwenye cherehani, robo inchi kutoka sindano, kila mtu afuate huo. Mmoja akishona nyembamba na mwingine pana, mistari haitakutana hata muivute vipi. Kuhusu rangi, mnaweza kuchanganya mnavyotaka, ila chagueni rangi moja tu ya ule utepe wa katikati kwenye miraba yote. Miraba minne ikikutana huo utepe unatengeneza kama almasi, na blanketi nzima inatulia machoni hata kama vitambaa vyake vimetoka nyumba ishirini.

* * *

Shikamoo mama, na asante, nimeyahifadhi yote haya.

Nami naongezea kidogo halafu nina swali. Sisi tunaoishi maghorofani na tunashona tukitoka shifti usiku, kunjeni taulo nene au mkeka wa mazoezi muweke chini ya cherehani, inapunguza mtetemo sana, jirani yangu wa chini alikuwa analalamika na sasa tunasalimiana. Na sindano mbadilishe mara kwa mara, ikianza kutoa sauti ya kugonga kitambaa ujue imekufa ncha.

Swali langu. Kuna mama mmoja amefiwa na mumewe, aliposikia tunakusanya akaniletea mashati saba ya marehemu, yamepigwa pasi na kukunjwa. Alinikabidhi hakusema neno. Yako kabatini wiki ya tatu, kila nikishika mkasi naurudisha. Mama ungefanyaje?

* * *

Marahaba mwanangu.

Usikate. Rudi kwake kwanza, kaa naye, umuulize anataka hayo mashati yaende kwa watu au anataka sehemu irudi kwake, maana watu wengi siku ile ya kutoa hawana nguvu ya kusema wanachotaka. Akisema yaende, basi kata kwa amani. Akinyamaza, mshonee yeye moja ndogo ya magoti kwa mashati manne, matatu yanayobaki yaende kwenye blanketi za wengine, na umwambie hivyo kabla hujaanza.

Jambo hili ni la zamani sana. Kule Gee's Bend, Alabama, kijiji cha Wamarekani weusi waliotokana na watumwa, mwaka 1942 mama mmoja aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe, akachukua nguo zake za kazi za shambani akazishona kwilti ya kumkumbuka na kujifunikia. Kwilti za akina mama wa kijiji kile zilikuja kuonyeshwa kwenye jumba la makumbusho Houston mwaka 2002, kisha New York, watu wakapanga foleni kuzitazama. Nyingi zimeshonwa kwa suruali zilizopauka, na palipokuwa na mfuko au kiraka cha goti rangi imebaki imekolea, unaona kabisa mwili wa mtu ulipokuwa. Kwahiyo hata kwenye mashati hayo, mfuko wa kifuani ukiufumua utakuta mraba wenye rangi ya siku lilipokuwa jipya. Mimi nisingeufumua kabisa. Kata ukiwa umeuacha mzima uuweke katikati, mama huyo atajua cha kutia ndani.

Nilisahau kumalizia kwa mdogo wangu. Pamba ya ndani, ile inayokaa katikati ya uso na mgongo wa blanketi, angalieni pakiti yake, imeandikwa mistari ya kushonea isiachane zaidi ya inchi ngapi, mkizidisha itajikusanya kwenye kona mkifua. Mabaki yake yaunganishe kingo kwa kingo kwa zigizaga pana, usipandishe juu ya mwenzake. Kama hamuwezi kushona tabaka tatu kwa hiyo cherehani, fungeni vifundo, uzi mnene wa pamba kila inchi 4, fundo mara mbili, ncha ziache nusu inchi. Ukanda wa ukingoni kata inchi 2 na nusu, kunja katikati, na uushone kwa cherehani pande zote mbili, wa mkono ni mzuri lakini kwa mashine za hospitali hautadumu. Pini zihesabuni mkianza na mkimaliza, zikipungua hata moja pitisheni sumaku blanketi yote. Na fueni kila moja kabla ya kuitoa, kwa maji yaleyale ya moto atakayotumia mwenyewe.

* * *

Dada wa mifuko sita hapa. Jana tumefungua mitatu. Nimepiga simu pale tunapotaka kupeleka, wamesema wanaotumia viti vya magurudumu ni kumi na mmoja na kuna mmoja hapendi kabisa rangi ya njano. Tumeshatoa njano yote kwenye yake. Mapazia mawili yameshakuwa mifuko.