Mashine zimeingia karakana, ujira mbona haujasogea?

Mchonga nakshi, Langoni: Assalamu alaykum, ndugu zangu wa Amu, mji wetu wa Lamu. Fundi akiutoa mlango kwa nusu ya muda wa zamani, kwa sababu ya randa na msumeno wa umeme, faida hiyo ni ya nani?

Tazameni ujira unavyohesabiwa. Anayelipwa kwa siku anatoa milango mingi zaidi kwa pesa zilezile. Anayelipwa kwa mlango anateremshiwa bei, ati kazi imekuwa nyepesi. Nyepesi wapi? Umeme unalainisha mbao. Nakshi ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, bado ni patasi na jicho. Na mashine hufundishwa mpwa wa tajiri, wapiga msasa wanabaki na msasa wao.

Mwenye karakana, Mkomani: Wa alaykum salaam, kaka. Deni la mashine ni langu, na bili ya umeme ni yangu. Mteja naye anajua kuna mashine, anataka nipunguze. Kijana nikimfundisha, akishaiva anahamia kwingine. Hasara hiyo nani ananilipa?

Mchonga nakshi, Langoni: Deni nalikubali, ndugu yangu, lilipwe kwanza. Lakini hilo la kuhama lina dawa. Henry Ford, kule Marekani, mwaka 1913 alipanga kazi upya kiwandani, muda wa kuunganisha chesisi, yaani kiunzi cha gari, ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja u nusu. Wafanyakazi wakawa wanaacha kazi makundi kwa makundi. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ujira wa awali, ingawa kwa masharti. Hakuwa anatoa sadaka: alitaka watu wakae.

Mafunzo nayo yana mlango wake hapa Kenya. Mwajiri hulipa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na anaweza kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Hata fundi aliyejifunzia kazini anaweza kutahiniwa na NITA akapata cheti cha daraja.

Mimi napendekeza hivi: bei ya mlango isishushwe mwaka mzima tangu mashine iingie, na kila fundi ajifunze mashine ndani ya saa za kazi, akilipwa. Tajiri wangu wa Mkomani, mwaka ukiuona mrefu, taja miezi yako tuijadili.