Rais akikwamishiwa majaji Seneti, ndiyo amekwisha nguvu?

NgongonaKwetu ameuliza:

Wakuu, salaam. Hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) tunaandaa mdahalo, na mada ni hii: "Rais anayekwamishiwa wateule wake wa ujaji amekwisha nguvu kisiasa." Mfano mkuu ni Marekani, na upande wangu ni wa kupinga.

Karibu kila habari niliyoisoma inahesabu vichwa tu. Trump muhula wa kwanza majaji 234, Biden 235, halafu mwandishi anatangaza nani alikuwa imara. Nahisi hesabu hiyo ina kasoro lakini sijaweza kuionyesha ilipo. Naomba msaada kwa mambo matatu. Uteuzi unakwama hatua gani hasa, na kwa kura ngapi? Je, yupo rais aliyekuwa na nguvu kweli akashindwa, au dhaifu akafanikiwa? La mwisho, wenzetu wamepanga kufunga hoja na Tanzania: kwamba kwa kuwa hapa hakuna jaji anayekataliwa, Rais wetu ana nguvu kuliko wa Marekani. Hilo nalijibuje kwa Katiba, bila kupiga siasa?

MzeeWaTambukareli:

Kasoro iko hapa: idadi ya majaji imechanganya mambo manne. Viti vilivyokuwa wazi, chama kilichoshika Seneti, kanuni za Seneti za mwaka huo, na nguvu ya rais mwenyewe. Ukitaka kuipima hiyo ya nne, ondoa kwanza zile tatu. Waandishi wengi hawaziondoi.

Fuata njia ya jina moja. Rais analituma Seneti, linapelekwa Kamati ya Mahakama. Kama ni jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho, maseneta wawili wa jimbo husika wanaletewa karatasi ya bluu ya kuuliza kama wanamkubali. Mmoja asipoirudisha, kwa desturi jina linalala hapo hapo: hakuna mahojiano, hakuna kura, na mara nyingi hakuna hata habari gazetini. Zamani karatasi hiyo ilizuia hata majaji wa mahakama za rufaa. Muhula wa kwanza wa Trump mwenyekiti wa kamati aliacha kuiheshimu kwa majaji wa rufaa, lakini kwa wale wa wilaya imebaki. Kwa hiyo rais yeyote ana shida kwenye majimbo yenye maseneta wa chama pinzani, hata awe anapendwa namna gani.

Jina likipita mahojiano, mjumbe yeyote wa kamati anaweza kuomba lisogezwe wiki moja. Kisha kura ya kamati, kisha linaingia kwenye orodha ya Seneti nzima. Huko kiongozi wa walio wengi ndiye anayeamua jina lipi liitwe na lini. Anawasilisha hoja ya kufunga mjadala, inapita siku moja katikati, inapigwa kura, halafu kuna saa za mjadala kabla ya kura ya mwisho.

Sasa angalia kanuni zilivyohama. Tangu 1975 kufunga mjadala kulihitaji kura 60 kati ya 100, na bila kuufunga kura ya mwisho haipigwi. Tarehe 21 Novemba 2013 Wademokrati, chini ya kiongozi wao wa Seneti Harry Reid, waliishusha hadi wingi wa kawaida kwa majaji wote isipokuwa wa Mahakama ya Juu, kwa kura 52 kwa 48. Ugomvi wa wakati huo ulikuwa juu ya viti vitatu vya mahakama ya rufaa ya Washington. Aprili 2017 Warepublican, chini ya kiongozi wao Mitch McConnell, wakaishusha hivyo hivyo kwa Mahakama ya Juu ili mteule wa Trump, Neil Gorsuch, apite. Aprili 2019 wakapunguza saa za mjadala kwa majaji wa wilaya kutoka 30 hadi 2. Hilo la mwisho watu hulipuuza, nami naona ndilo lililozalisha idadi kubwa ya majaji kuliko hotuba yoyote ya rais. Muda wa ukumbi una kikomo. Kwa saa 30 kila jina, wiki nzima inaisha kwa watu wachache.

Ukishajua hayo, linganisha tena. Obama alipata majaji 55 wa rufaa kwa miaka 8, Trump 54 kwa miaka 4. Obama alikaa karibu miaka mitano chini ya sharti la kura 60, akapoteza Seneti uchaguzi wa Novemba 2014, na miaka yake miwili ya mwisho akapitishiwa majaji wa rufaa 2 tu. Trump alikuta viti zaidi ya 100 vya shirikisho viko wazi, kura inayotakiwa ni ya wingi wa kawaida, na Seneti ni ya chama chake. Tofauti hiyo kubwa imeelezeka kabla hujagusa umaarufu wa mtu yeyote.

BintiHombolo:

Nichukue swali la pili, mana mifano ipo na ina nguvu jukwaani.

Mwenye nguvu aliyeshindwa: Franklin Roosevelt. Mwaka 1936 alishinda majimbo 46 kati ya 48. Chama chake kilikuwa na maseneta zaidi ya 70 kati ya 96. Februari 1937 akaleta mpango wa kuongeza hadi majaji 6 Mahakama ya Juu, mmoja kwa kila jaji aliyevuka miaka 70 na nusu asistaafu. Julai Seneti ikaurudisha kamatini kwa kura 70 kwa 20, na mpango ukafa. Waliomzuia walikuwa wa chama chake. Jihadhari tu: huo ulikuwa muswada wa kuongeza viti, haukuwa uteuzi wa mtu. Mpinzani makini atakudaka, kwa hiyo liseme mwenyewe mapema. Kisha ongeza kwamba Roosevelt huyo huyo, baada ya kushindwa, aliteua majaji wapya 8 wa mahakama hiyo. Viti vilifunguka kwa kustaafu na vifo. Ukihesabu vichwa tu, utasema hakuna aliyemshinda.

Lyndon Johnson, 1968. Alitaka kumpandisha Abe Fortas, jaji wa Mahakama ya Juu, awe Jaji Mkuu. Chama chake kilikuwa na maseneta zaidi ya 60. Tarehe 1 Oktoba hoja ya kufunga mjadala ilipata 45 kwa 43, wakati huo ikihitajika theluthi mbili, na jina likaondolewa. Huu mfano una pande mbili, usiutumie bila kujiandaa. Johnson alishatangaza Machi kwamba hagombei tena, na wazuiaji walisema wazi kiti kimsubiri rais ajaye. Upande wa pili watasema ndiyo maana yake amekwisha nguvu. Lakini pia kulikuwa na malipo ambayo Fortas alipokea kwa kufundisha, na ukaribu wake na Ikulu akiwa tayari jaji. Mteule mwenyewe alikuwa na mzigo.

Sasa weka pamoja wateule wawili wa Mahakama ya Juu, Merrick Garland na Amy Coney Barrett, usiwatenganishe. Antonin Scalia, jaji wa mahakama hiyo, alifariki 13 Februari 2016. Obama alimteua Garland 16 Machi. Warepublican wakiwa 54 hawakumpa hata mahojiano, na jina likaisha lenyewe 3 Januari 2017. Sababu waliyotoa ni kwamba ni mwaka wa uchaguzi. Jaji mwenzake Ruth Bader Ginsburg akafariki 18 Septemba 2020, Barrett, mteule wa Trump, akapitishwa 26 Oktoba kwa 52 kwa 48, siku nane kabla ya uchaguzi ambao Trump aliupoteza. Obama alikuwa na miezi kumi mbele yake akakosa. Trump alikuwa na wiki sita kabla ya kura akapata. Kilichobadilika kati ya miaka hiyo miwili ni chama cha rais aliye mbele ya Seneti ile ile ya Republican. Nguvu ya rais kwa wananchi haikufungua mlango wala kuufunga.

Nasema hili kwa uchungu kidogo: wananchi waliambiwa kanuni moja 2016 na nyingine 2020, na imani kwa mahakama ndiyo iliyolipa.

Kizota77:

Nakubaliana na waliotangulia kwa sehemu kubwa, ila msimwambie kijana kwamba rais hana uzito kabisa. Atapigwa kwenye maswali.

Nguvu ya rais inaonekana kwenye majina anayolazimika kuyaondoa na kwenye majina asiyothubutu kuyatuma. Oktoba 2005 George W. Bush alimteua Harriet Miers, mwanasheria wake wa Ikulu, kwenda Mahakama ya Juu. Maseneta wa chama chake walikuwa 55. Jina lilitumwa tarehe 3, likaondolewa tarehe 27, bila kura hata moja kupigwa. Waliomkataa walikuwa wahafidhina wa upande wake, waliotaka mtu mwenye rekodi wanayoijua, na Bush alikuwa ametoka kuumia kwa namna serikali ilivyoshughulikia kimbunga Katrina. Akamleta Samuel Alito, akapita 58 kwa 42. Kwenye hesabu ya vichwa Bush hana hasara: kiti kimoja, jaji mmoja. Lakini chama kilimchagulia aina ya jaji. Huo ndio udhaifu wa kweli na takwimu haziuoni.

Upande mwingine, tazama jinsi mambo madogo yanavyokwamisha kazi bila uhusiano na rais. Seneti ikiwa 50 kwa 50, kamati inakuwa 11 kwa 11. Ketanji Brown Jackson, mteule wa Biden wa Mahakama ya Juu, alipata sare hiyo Aprili 2022, ikabidi Seneti nzima ipige kura ya kumtoa kamatini, ndipo akapitishwa 53 kwa 47. Mwaka 2023 Wademokrati walikuwa na 11 kwa 10 kamatini, lakini Seneta Dianne Feinstein aliugua na kukosekana kwa zaidi ya miezi miwili. Wateule ambao hawakuungwa mkono na Mrepublican hata mmoja wakasimama pale pale. Biden hakupoteza nguvu Machi na kuipata tena Mei. Alipungukiwa na kura moja ya mtu mmoja.

Ukitaka kipimo cha haki, kwa kila rais tafuta viti vilivyokuwa wazi alipoingia na alipotoka. Siku kutoka jina kutumwa hadi kura ya mwisho. Na majina yaliyoondolewa au kurudishwa mwisho wa mwaka. Kisha gawa kwa vipindi: alipokuwa na Seneti na alipokosa. Usitumie kura za upinzani kama kipimo kwa miaka ya sasa. Scalia alipita 98 kwa 0 mwaka 1986, Ginsburg 96 kwa 3 mwaka 1993. Leo jaji hodari kabisa anapita kwa tofauti ya kura chache, kwa kuwa seneta akimuunga mkono anajitafutia mpinzani kwenye kura za maoni za chama chake.

NgongonaKwetu:

Asanteni sana, hapa nina silaha. Bado la tatu, la nyumbani. Na wakiileta Kenya je?

WakiliMakole:

La nyumbani lijibu kwa ibara, moja baada ya nyingine.

Ibara ya 109: Jaji Kiongozi na majaji wa Mahakama Kuu wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ibara ya 118: Jaji Mkuu anateuliwa na Rais, na majaji wa Rufani wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Bunge halimo. Sasa soma ya 37(1): Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Kushauriana si kufungwa na ushauri. Ya 112 inataja wajumbe wa Tume: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji wa Rufani, Jaji Kiongozi, na wajumbe wawili wa kuteuliwa. Wote sita wanatokana na uteuzi wa Rais.

Kwa hiyo hoja ya wenzako inaanguka yenyewe. Hapa hakuna jaji anayekataliwa hadharani kwa sababu hakuna ukumbi wa kumkatalia. Mamlaka ambayo hayana pa kupimwa huwezi kuyatumia kupima nguvu ya kisiasa. Wakibisha, waambie wavuke barabara wakaulize pale Bungeni ni uteuzi upi unapigiwa kura: Waziri Mkuu, ibara ya 51, jina ndani ya siku 14 tangu Rais ashike madaraka, na hashiki kazi mpaka azimio la Bunge lipite.

Kuna tofauti nyingine ambayo mdahalo usiikose. Majaji wa shirikisho Marekani hawana umri wa lazima wa kustaafu, kwa hiyo jaji anaweza kungoja rais wa upande wake. Akifika miaka 65, na umri ukijumlishwa na miaka ya kazi ukafika 80, anaweza kuachia kiti chake na kuendelea na kazi kidogo kwa mshahara. Stephen Breyer, jaji wa Mahakama ya Juu, alitangaza kustaafu Januari 2022 Seneti ikiwa ya Wademokrati. Sisi Mahakama Kuu ni miaka 60 na Rufani 65, na Rais anaweza kuongeza muda kwa manufaa ya umma. Mvutano wetu, ukitokea, utakuwa kwenye kuongezewa muda huko, si kwenye kura.

Kenya ni mfano wenye faida kwako. Ibara yao ya 166 inataka Jaji Mkuu na naibu wake wapendekezwe na Tume yao ya mahakama na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Majaji wengine Rais anawateua kwa mujibu wa mapendekezo ya Tume, na neno hilo mahakama zao zililisoma kama amri. Tume ilipeleka majina 41 mwaka 2019. Rais Uhuru Kenyatta alikaa nayo hadi Juni 2021, akateua 34 na kuwaacha 6; mmoja alikuwa ameshafariki. William Ruto akawateua hao 6 siku alipoapishwa, 13 Septemba 2022. Pale rais ndiye aliyekuwa akizuia, si kuzuiwa, na mada yenu haina nafasi ya kesi kama hiyo. Ukipata dakika tano tu, ningeanza na Garland na Barrett, nikafuata na Miers, nikamalizia na ibara ya 37. Roosevelt mweke akiba kwa maswali.